Sindano ya Kumi na Mbili

Mama Spika alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, macho kwenye mistari ya kikombe cha maji. Aliruhusiwa kunywa mstari mmoja kila robo saa, na tangu alfajiri hakuwa ameiba hata tone. Jina hilo alipewa stendi ya mabasi, alikotangaza safari kwa miaka ishirini. Siku kipaza sauti kilipoharibika, abiria hawakujua.

"Wewe ndiye polisi?" aliuliza, na wodi nzima ikageuka.

"Nilikuwa. Sasa natumwa na Baraza la Madaktari, lakini hata huko wananiita Inspekta."

"Basi kaa, Inspekta. Hapana, si hicho. Kina mguu mbovu, jana kimemwangusha shemeji yangu."

Inspekta alivuta kiti kingine, akafungua daftari. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Kikao cha hospitali kilipangwa saa tisa alasiri, na kabla ya hapo alitakiwa awe na jibu moja tu: sindano iliyo tumboni mwa mwanamke huyu iliachwa na nani.

"Nianzie wapi?" Mama Spika aliuliza.

"Mwanzo."

"Mwanzo ni miaka sita iliyopita. Profesa alinipunguza tumbo kwa vijiti vya chuma, kupitia matundu matano tu, nikakonda mpaka mume wangu akawa ananipita njiani. Halafu taratibu unene ukarudi, ukaja na kiungulia. Kiungulia gani! Miaka mitatu nalala nimekaa kama mlinzi. Ndipo wiki iliyopita yule binti, Daktari wa Mashine, akanifanyia ya marudio kwa roboti. Tumbo limepunguzwa tena, limeunganishwa na utumbo huku chini." Alijichorea kwa kidole juu ya shuka. "Kesho yake wakaninywesha dawa nyeupe, wakanipiga picha waone kama kuna panapovuja. Hapavuji. Ila wakakuta sindano."

"Inauma?"

"Kinachoniuma ni njaa. Inspekta, jana usiku nimelala chali! Mimi! Nimelala chali mpaka asubuhi." Akacheka, kisha akashusha sauti kadiri alivyoweza, ambayo bado ilisikika hadi mlangoni. "Wanasema binti watamnyang'anya ruhusa ya kupasua. Mimi ndiye mwenye tumbo, mbona hawaniulizi? Wasimwonee mtoto wa watu."

Inspekta hakuahidi kitu. Alitoa picha mbili kwenye bahasha, akaziinua dirishani. Moja ilipigwa kwa mbele, nyingine kwa ubavu. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na kitu cheupe, chembamba, kifupi kuliko kiungo kimoja cha kidole. Sehemu kubwa ilikuwa imenyooka, ncha tu ndiyo iliyoinuka. Alizitazama picha hizo muda mrefu. Baba yake alikuwa fundi wa makochi, na yeye, msichana mdogo, alikulia sakafuni mwa karakana akiokota sindano za mpindo, zile za kushonea pembe ambako mkono hauingii. Sindano ya mpindo ukiitazama kwa upande wake mwembamba, utaiona imenyooka. Lakini haiwezi kunyooka kwa mbele ikanyooka na kwa ubavu.

"Umeona nini?" Mama Spika aliuliza.

"Bado. Kunywa maji yako, robo saa imefika."

*

Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji alikuwa mwanamume wa makamo, mikono ameikunja kifuani, na alionekana amejiandaa kwa ugomvi tangu jana. Inspekta aliweka karatasi ya hesabu mezani.

"Hapa umeandika kumi, ukakata, ukaandika kumi na moja."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilihesabu kumi, kisha nikaipata ya kumi na moja."

"Ulikuwa wapi wakati inapotea?"

"Haikupotea. Ilikuwa kwenye soli ya kiatu cha daktari msaidizi." Aliona nyusi za Inspekta zikipanda, akaendelea haraka. "Afande, nilisimamisha kazi. Nikasema hafungwi mgonjwa humu mpaka nipate sindano yangu. Watu saba tukainua mguu mmoja mmoja, na Daktari wa Mashine naye akatoka kwenye kiti chake akainua wake. Ametoka na soksi tupu, maana pale kwenye pedali hukaa bila viatu."

"Kwenye barua yake ya mashtaka, Profesa ameandika kwamba mtu anaweza kuchomoa sindano nyingine kabatini akajazia hesabu. Kwamba zilikuwa kumi na mbili, na ya kumi na mbili ndiyo iliyo tumboni."

Muuguzi alifungua mikono, akaifunga tena. Kisha alikwenda kabatini, akarudi na kikasha kilichofungwa kwa plasta, sahihi tatu juu yake. "Nilipoona ile picha nilikifunga papo hapo mbele ya mashahidi. Kifungue mwenyewe."

Ndani mlikuwa na sponji yenye nafasi zilizopewa namba, na kila nafasi ilikuwa na sindano yake. Inspekta alitoa lenzi. Kumi na moja. Kwenye ya mwisho palikuwa na chembe nyeusi ya mpira wa soli. Zote, kuanzia ya kwanza, zilikuwa na mpindo wao kamili, kama kucha za paka.

"Hakuna hata moja iliyonyooshwa," alisema.

"Za roboti? Inyooshwe ya nini? Ile mikono ya roboti ina vifundo, inageuka kuliko wangu huu. Na msaidizi huipitisha sindano kwenye tundu kubwa, na mpindo wake."

"Nani basi hunyoosha?"

Muuguzi alitazama mlango. "Watu wa vijiti. Kijiti hakina kifundo, ni cha kwenda na kurudi. Na matundu yao ni membamba, sindano ya mpindo inakwama. Hivyo huibana kwa koleo kabla ya kuiingiza, ikalala kidogo." Alikohoa. "Lakini mie sijasema kitu, Afande. Humu kuna watu wa vijiti na watu wa roboti, na wakianza ubishi hata chai inapoa. Nami nataka kustaafu salama."

"Hujasema kitu," Inspekta alikubali, akafunga kikasha na kuweka sahihi ya nne. Alijisikia vizuri. Asubuhi ilikuwa inakwenda kama anavyozipenda, kila mtu anasema kidogo kuliko anachojua.

*

Daktari wa Mashine hakuwa amezidi miaka thelathini na mitano. Alimkaribisha Inspekta chumba cha roboti, ambako mashine yenyewe ilisimama imefunikwa nailoni, mikono minne imekunjwa. Tangu juzi Profesa alikuwa ameamuru isiguswe.

"Niulize chochote," alisema.

Na kweli alijibu kila kitu. Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza, alieleza, kwa sababu tumbo lililokwisha kupasuliwa hujaa makovu. Ini hung'ang'ania tumbo, tumbo hung'ang'ania mbavu, na daktari hutumia saa nzima kuachanisha tu. Ndiyo sababu alichagua roboti. Aliwasha video, wakaitazama kwa kasi. Inspekta alipiga mstari daftarini kila sindano ilipoingia na kila ilipotoka. Ziliingia kumi na moja, zikatoka kumi na moja.

"Kwa nini video hii haijakutosha kujitetea?"

"Kuna dakika nne kamera ilitolewa kusafishwa. Profesa anasema katika dakika nne lolote linaweza kutokea."

"Na hii hapa je?" Inspekta alisimamisha picha kwenye eneo la makovu mazito, kushoto chini ya mbavu. "Hapa ndipo ilipo sindano, na hapa hukufungua."

"Palikuwa pameshikana na wengu. Ukilazimisha hapo unatafuta damu. Nilipaacha."

"Kwa hiyo hukufika ilipo."

"Sikufika."

"Umeiona picha ya ubavu?"

Binti alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha skrini, ambacho kilikuwa safi.

"Sindano ile ina umbo gani, Daktari?"

"Mimi si mtaalamu wa picha."

"Wewe unazishika kila siku."

"Inspekta, nimejibu yote ninayoweza kujibu." Alikunja kitambaa mara nne. "Yaliyobaki hayanihusu mimi kuyasema."

Inspekta alimtazama. Watu waliomdanganya katika miaka thelathini ya kazi walikuwa wengi, naye aliwafahamu kwa jasho na maneno mengi. Huyu hakuwa anadanganya. Huyu alikuwa anamkinga mtu, na alikuwa tayari kuiacha kazi yake ipotee kwa ajili hiyo.

"Nani alikufundisha kushona?" aliuliza akiwa tayari mlangoni.

"Profesa," binti alijibu taratibu. "Alikaa na mimi miezi minane, jioni zote, hadi mkono ukakubali."

*

Mafaili ya zamani yalikuwa chumba cha chini, na faili la Mama Spika lilikuwa rafu ya chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti ya Inspekta yalilalamika kwa sauti. Karani alimletea kigoda, kisha akarudi kwenye redio yake.

Karatasi ya hesabu ya miaka sita iliyopita ilikuwa na mstari mmoja: *Sindano nane. Zimekamilika.* Chini yake palikuwa na sahihi kubwa ya Profesa yenye mkia. Inspekta alianza kufunga faili, akasita. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umebandikwa lebo za pakiti za nyuzi, kama ilivyokuwa desturi, ili ijulikane nini kilitumika. Alizihesabu kwa ncha ya kalamu. Nane.

Kila lebo ilichorwa sindano iliyo ndani ya pakiti, kwa ukubwa wake halisi. Mchoro mmoja, mchoro mmoja, mchoro mmoja. Alipofika ya sita alivuta taa karibu. Kwenye lebo hiyo michoro ilikuwa miwili, mmoja kila mwisho wa uzi.

"Karani," aliita, "kuna uzi wenye sindano mbili?"

"Mie nafanya mafaili, mama."

Alimpigia simu muuguzi mkuu.

"Upo," muuguzi alisema. "Sindano huku na huku. Hauji mara nyingi, lakini stoo ikiishiwa huletwa wowote uliopo. Kwa nini?"

"Zamani mlikuwa mnahesabu sindano, au pakiti?"

Muuguzi alikohoa upande wa pili. "Afande," muuguzi alisema hatimaye, "zamani mie sikuwepo."

*

Saa nane kamili Inspekta alimkuta Profesa chumba cha mafunzo, kama alivyomwomba. Alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe na vidole virefu visivyotetemeka, mkuu wa upasuaji, mwenyekiti wa kikao cha saa tisa na ndiye aliyeandika barua ya mashtaka. Binti alikuwa amesimama ng'ambo ya chumba, kwenye kiti cha kujifunzia roboti.

"Nataka ripoti yangu ieleze tofauti ya njia hizi mbili," Inspekta alisema. "Mimi ni mtoto wa fundi makochi, sielewi mpaka nione. Nishonieni vipande vya mpira, mishono mitano kila mmoja."

"Sasa hivi?" Profesa aliuliza, lakini tayari alikuwa anakunja mikono ya shati. "Mama, utaona. Hawa watoto wanakaa kitini wakicheza na pedali. Mimi nasimama na mgonjwa wangu. Ujuzi hauzeeki."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," binti alisema chinichini, na Profesa akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa, kumbe, utani wao wa zamani.

Inspekta aliwapa kila mmoja sindano kutoka pakiti za aina moja. Binti alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha roboti, akaingiza uso kwenye kitundu cha kutazamia, na mikono midogo ya chuma ikaipokea sindano kama ilivyo. Profesa alichukua yake kwa koleo la mkono wa kushoto. Huku akiendelea kuzungumza juu ya vijana wa siku hizi, bila hata kuitazama, aliibana kwa koleo la kulia mara mbili: mara ya kwanza katikati, mara ya pili karibu na mkia. Kisha akaipitisha kwenye tundu la sanduku la mazoezi.

Alishona vizuri mno. Alimaliza wa kwanza, akimpita binti kwa nusu dakika nzima, na mishono yake ilikuwa sawasawa hadi Inspekta akamkumbuka baba yake.

"Umeona?" Profesa alisema, amefurahi. "Andika hilo kwenye ripoti."

"Nitaandika. Naomba sindano zenu."

Aliziweka juu ya kipande cha shashi nyeupe mezani. Ya binti ilikuwa na mpindo wake wote. Ya Profesa ilikuwa imenyooka, ncha tu imeinuka. Kando yake Inspekta aliweka picha za eksirei, ya mbele kwanza, kisha ya ubavu.

Binti alikuwa ameshatoka kitini. Alitazama ukutani.

"Profesa, picha hizi uliwahi kuziona?"

"Nilisoma ripoti. Iliandikwa sindano, ikatosha." Alivaa miwani, akainama. Alitazama picha, akatazama sindano iliyotoka mkononi mwake dakika moja iliyopita, akarudi kwenye picha. Hakuna aliyemharakisha.

"Mara mbili," alisema mwishowe. "Katikati na mkiani. Hapa hospitalini ni mimi tu ninayebana mara mbili."

"Ndivyo ninavyoona."

"Lakini hesabu ilikamilika. Niliweka sahihi. Nakumbuka ilikuwa nane."

Inspekta alifungua faili la zamani ukurasa wa nyuma, akaweka kidole kwenye lebo ya sita. Profesa aliona michoro miwili. Alivuta kiti akakaa taratibu.

"Tulikuwa tunahesabu pakiti," alisema. "Pakiti moja, sindano moja. Miaka yote ile. Kumbe siku hiyo ziliingia tisa, zikatoka nane. Nani angekaa kufikiria uzi wa vichwa viwili?" Alivua miwani, akageukia upande wa pili wa chumba. "Na wewe. Ulijua tangu lini?"

"Tangu picha ya ubavu," binti alijibu.

"Siku nne. Umeacha nikuandikie barua, nikufungie mashine, nikuite mzembe mbele ya wanafunzi. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, mwalimu? Wewe ndiye uliyenishika mkono."

"Ungesema, 'Mzee, umepitiwa.' Maneno mawili tu! Kazi hii haina heshima ya kunyamaza, binti yangu. Nimekufundisha kushona, hilo nikasahau kukufundisha." Sauti yake ilikwaruza. Aliona aibu, na hakujaribu kuificha. Inspekta, aliyewahi kuona watu wakubwa wakitafuta mlango wa nyuma kwa makosa madogo kuliko hili, alimpenda kwa jambo hilo.

Profesa alichomoa barua ya mashtaka mfukoni mwa koti. Alikata jina lililoandikwa juu, akaandika la kwake, akaongeza tarehe ya miaka sita iliyopita. Sahihi ilikuwa ile ile, na mkia wake.

"Kikao ni saa tisa," alisema akiinuka. "Mwenyekiti hawezi kuwa mshtakiwa, watatafuta mwingine. Lakini kabla sijaingia huko, kuna mtu anayestahili kusikia kwanza."

*

Mama Spika aliwaona watatu wakiingia wodini, akaficha kikombe nyuma ya mto. "Nimekunywa mstari mmoja tu, naapa."

Profesa alivuta kiti kilichokuwa karibu. Wagonjwa wanne walipiga kelele pamoja, akakiacha, akabaki amesimama miguuni pa kitanda. Alimweleza yote bila kupunguza: sindano ni ya kwake, imekaa miaka sita, hesabu yake ilikuwa na kosa, na binti huyu hakuhusika. Alisema samahani mara moja, kwa ukamilifu. Kisha akasubiri.

Mama Spika alimkazia macho.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita natembea na sindano yako, Profesa, na hata kitenge kimoja hujanishonea."

Wodi iliangua kicheko. Profesa hakujua acheke au alie, akafanya vyote kidogo. Mama Spika naye alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, binti akamwekea mto hapo haraka.

"Sasa sikilizeni," alisema alipopata pumzi. "Itabaki humu, au itatoka?"

"Imezungukwa na kovu, haitembei," Daktari wa Mashine alijibu. "Inaweza kubaki bila kukudhuru. Ukitaka itoke, tusubiri upone vizuri kwanza. Miezi kadhaa."

"Itoke. Sitaki mali ya mtu." Akamnyooshea binti kidole. "Utaitoa wewe, kwa hiyo mashine yako. Nataka niendelee kulala chali." Kidole kikahamia kwa mzee. "Na wewe utakuwepo. Utasimama pembeni uhesabu."

Inspekta alikuwa ameshafunga daftari na kulitia mkobani. Alilitoa tena kwa ajili ya jibu.

"Nitahesabu," Profesa alisema. "Sindano, si pakiti. Na huyu hapa akiona nimekosea, atasema."

Alimtazama mwanafunzi wake, akangoja.

"Nitasema, mwalimu," binti alijibu, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni.